Skrubu Katika Nyumba ya Pudentienne

Jumanne moja ya mwaka 1999, fundi Ndikumana alipiga magoti katika chumba cha kulala cha nyumba ya Pudentienne, mtaa wa Mulongwe, akapima kabati la ukutani. Milango yake ya zamani haikufunguka tena, kwa sababu komanda aliyeichukua nyumba hiyo alikuwa ameleta kitanda kikubwa mno, nacho kilikaribia kugusa kabati. Alitaka milango ya kukunja. Tena alitaka isikwaruze zulia, zulia jekundu nene lililoshushwa kwenye bandari ya Kalundu na kutandikwa juu ya saruji ambayo marehemu mume wa Pudentienne aliimwaga kwa mikono yake.

Pudentienne aliishi uani, katika jiko lake, pamoja na masufuria yake. Komanda alikuwa akingoja mama huyo aweke sahihi kwenye karatasi inayosema ametoa nyumba kwa hiari. Miezi saba ilikuwa imepita. Karatasi tatu za kwanza mama huyo alizitumia kuwashia moto wa maharage.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Juu hukaa reli, na chini kikombe kidogo cha chuma kinachobeba mguu wa mlango. Kikombe hicho lazima kishikwe na skrubu ndefu inayopenya zulia hadi kwenye saruji, la sivyo mlango utayumba kama mlevi. Lakini Ndikumana alikuwa na desturi aliyoachiwa na baba yake: kabla ya kutoboa sakafu, unamwomba mwenye nyumba ruhusa. Basi aliinuka, akampita komanda aliyekuwa kibarazani akinyolewa ndevu, akaenda jikoni kumwomba Pudentienne.

Pudentienne alikataa.

Fundi akarudi, akatoboa hivyo hivyo, kwa sababu bunduki ya komanda ilikuwa imeegemezwa kwenye kabati. Skrubu ya kwanza ilipinda. Ya pili nayo ikapinda. Kesho yake zulia lilikuwa limeota urefu wa kidole kimoja, naye fundi akaikata milango ya kukunja kiasi hicho hicho. Alhamisi lilifika kwenye vifundo vya miguu, akaikata tena. Wanajeshi walilifyeka kwa panga, wakilalamika kwamba hawakuacha kulima kwao ili waje kulima chumbani. Aliletwa mbuzi wa jirani, akanusa, akaondoka. Ijumaa lilifika magotini, na komanda akawa anavaa buti za mvua kwenda kitandani.

Komanda hakuuliza zulia linaota kwa nini. Aliuliza ni nani aliyekataa. Alipoambiwa, alisema kwamba milango isiposimama kufikia kesho, mlango wa jiko utang'olewa, na mjane huyo atalala wazi mbele ya wanaume wake thelathini.

Ndikumana alishikwa na hofu, na ilikuwa halali yake. Alienda jikoni akachuchumaa, akamwonyesha skrubu.

"Mama, kubali bisi moja tu. Hawa watu watatoa mulango wako."

Pudentienne alikuwa akichambua samaki wadogo wa ndagala. Hakuinua macho.

"Minye nikikubali bisi, nitakuwa nimekubali na kitanda. Nikikubali kitanda, ile karatasi itakuwa imebakiza nini? Weye ulikuja kuniuliza minye, haukumuuliza yeye. Basi jibu uko nalo."

Fundi aliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na hasira hiyo ilimfaa kuliko chakula. Alirudi chumbani, akafungua reli, akajitwika milango yote kichwani. Kibarazani alimwambia komanda kwamba mwenye nyumba amekataa. Komanda aliingia ndani kuchukua bunduki yake, lakini zulia lilikuwa limeimeza hadi kwenye mtutu, na alipomaliza kuivuta bila mafanikio, Ndikumana alikuwa ameshafika kwake, akinywa maji.

Jumamosi asubuhi mlango wa jiko uling'olewa kama ilivyosemwa. Kabla ya adhuhuri Ndikumana alirudi na milango ya kukunja. Kwa kukatwa-katwa ilikuwa imekuwa mifupi, na mlango wa jiko siku zote ulikuwa wa kupitwa kwa kuinama, kwa hiyo ilienea sawasawa. Aliweka kikombe cha chuma juu ya udongo mtupu, akamtazama Pudentienne.

"Hapo, ndiyo," akasema Pudentienne. "Piga."

Skrubu iliingia kwenye udongo ikashika kama kwenye jiwe. Wanajeshi wanne walikuja kuing'oa milango, wakavuta, wakachoka, wakaenda kula.

Nyumba haikurudi. Komanda alibaki humo, zulia likimfika kiunoni. Ila kila asubuhi Pudentienne hukunja mlango wake kwa kidole kimoja, husimama kizingitini na kuuliza kwa sauti inayofika barabarani:

"Bado muko mu nyumba yangu?"

"Bado niko, mama," hujibu komanda, na kumpa karatasi mpya kupitia dirishani.

Pudentienne huipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha huenda kuwasha moto.