Jicho la Mama

Tulipofungua mlango, Mama alikuwa kitini pake, jicho moja limefungwa bandeji, jingine, lile lenye ukungu wa miaka, limetuelekea. Alikuwa anatabasamu.

"Mmechelewa," alisema. "Wenzenu wamenirudisha mpaka mlangoni."

"Wenzetu gani, Mama?" dada aliuliza.

"Wale wa serikali. Wa kampeni."

Dada yangu alikuwa mkunga. Alizoea dharura. Siku hiyo aliuweka mkoba chini taratibu, kana kwamba una mayai ndani.

Mwaka ule ndipo hazina ya umma ilipoanza kulipia kampeni za wagombea wasio na mbele wala nyuma. Sharti lilikuwa moja: mgombea na watu wa nyumbani mwake wasiguse cha tajiri yeyote mpaka kura zipigwe. Dada, aliyekuwa anagombea udiwani, aliapa, tena akatangaza kwamba akiingia barazani soko letu haliuzwi. Aliyelitaka soko tulimwita Bwana Saruji, maana nusu ya kuta za mji zilikuwa zake. Hakuwahi kumtisha mtu kwa maneno. Mgombea aliyempinga kabla ya dada alihama na wanawe, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu.

Katika maelezo yetu yote Mama alishika moja tu: sasa serikali inalipa. Basi gari lilipokuja na dereva mwenye adabu akamwambia, "Shikamoo Mama, tumekuja kwa ajili ya yale macho," yeye akavaa viatu.

Simu ya dada ikalia. Aliiweka kwenye spika, nadhani aliogopa kusikiliza peke yake.

"Mama anaendeleaje?" sauti ya Bwana Saruji iliuliza, kwa upole kama wa daktari. "Mwambie asiwe na wasiwasi na la pili. Hilo tutalitengeneza baada ya kura."

Ikakatika. Fulana za kampeni ungezirudisha, vipaza sauti ungevirudisha. Jicho unalirudishaje?

"Nikinyamaza, nimekuwa wake," dada alinong'ona. "Nikisema, tume ya uchaguzi itanikatia fedha."

"Na Mama je? La pili nani atalitengeneza?"

Alikwenda kumtandikia Mama kitanda.

Asubuhi alimfungua bandeji. Mama alipepesa, akamtazama dada kwa muda mrefu. "Kumbe umezeeka hivi, mwanangu!" akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Unaogopa nini?"

Dada akamweleza yote, hata ile simu. Mama akainamisha kichwa. Niliogopa kwamba angelia na kuliharibu jicho.

"Nipeni viatu," alisema hatimaye. "Niliyepanda gari lao ni mimi. Mimi ndiye nitakayewaambia hao wa tume."

Akawaambia. Fedha zikakatwa, jina la dada likabaki kwenye karatasi za kura, naye akazunguka mtaani kwa miguu, bila hata bango moja. Kiti alikikosa. Jicho la pili halikutengenezwa mpaka Mama anaingia kaburini.

Lakini zinazonirudia usingizini ni zile siku za kungoja kura. Kila asubuhi gari lile liliegeshwa mkabala na nyumba yetu, vioo juu, injini ikinguruma. Mimi na dada tulipita mbio, macho chini, roho mkononi. Mama alivuta kiti mpaka dirishani, akageuza kichwa upande, akalitazama kutwa nzima kwa jicho walilompa.