Mgongo wa Mwandawiro

Mwandawiro alimwita Jerusha ateremke Voi kutoka Bura kwa shabaha moja: aje amwone kwenye sinema. Posa alikuwa ameshapeleka, akajibiwa kwamba Jerusha anafikiri. Sasa basi angefikiri vizuri.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa posa. Vijana wa reli waliucheza jukwaani pale Voi mwaka mzima, Mwandawiro akiwa mshenga, mwenye maneno yote. Thadeus, mtia makaa wa garimoshi, alicheza baba wa binti, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda akisikiliza. Hata mbuzi angeiweza, Mwandawiro alipenda kusema. Kisha wakaja watu wa kamera, wakaupiga picha uwanjani.

Jumapili mchana madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa, watu wakajaa. Mwandawiro aliketi kando ya Jerusha, shingo imesimama.

Picha ikaanza. Ukatokea mgongo, mpana, koti limefumuka begani.

"Nani huyo?" Jerusha akanong'ona.

Mgongo ulikuwa wa Mwandawiro mwenyewe. Siku ya kupigwa picha nusu ya Voi ilikuja kutazama, naye, kwa mazoea ya jukwaa, akawageukia watu. Kamera ilikuwa upande wa pili. Mwenye kamera alimwita mpaka koo likamkauka.

Mgongo ukasema. Ukawasifu ng'ombe wa bwana harusi, na kila ng'ombe alipotajwa, Thadeus alikunja jicho kidogo, kama mtu anayemtafuta zizini. Syokau, aliyecheza mama, akamtazama mumewe wa mchezoni kwanza ndipo acheke. Akaona hacheki, akakimeza kicheko. Binti akasahau kumimina uji, kata ikabaki hewani. Ghala zima likaishika pumzi pamoja na kata ile.

Mwaka mzima hayo yote yalitendeka nyuma yake, na yeye hakuwahi kugeuka. Wivu ukamchoma.

"Yule mzee hasemi, na nimemwelewa," Jerusha akasema. "Wote wanacheza pamoja kama watu wa nyumba moja."

"Maneno ni yangu."

"Nayasikia."

Magunia yalipoondolewa, Thadeus akaja akicheka. "Karibu Voi, shemeji. Umeliona koti la mwenzetu?"

"Nimeliona lote," Jerusha akajibu. "Na wewe, ulikuwa ukiwaza nini pale kigodani?"

"Nimsikilize tu. Huyu akitaja ng'ombe, mimi namwona mpaka mkia."

Mwandawiro akafungua mdomo aanze kujieleza.

"Haya, keti," Jerusha akamwambia. "Tangu asubuhi unasema wewe. Jibu la posa ninalo, ila nina mambo yangu ya kusema kwanza."

Akaketi juu ya gunia, akakunja jicho.

"Usimwigize Thadeus. Nisikilize."

Akajaribu. Jicho lake likamfuata Thadeus mpaka akatoka mlangoni. Ndipo akamgeukia Jerusha, akakuta ameshaanza, akamwomba arudie.