Tuliomba Darasa, Hatukuomba Mlango

Basi dogo la njano lilimshusha Orrin Pelczar mlango wa nyuma wa shule, kama kila asubuhi, kwa sababu mlango wa mbele una ngazi, na mteremko wa viti vya magurudumu uko huko nyuma, karibu na mapipa ya taka. Orrin alikuwa na miaka tisa. Hatembei, hasemi, ila ana ubao wa picha mapajani na kidole kisicho na subira hata chembe. Msaidizi wake, Jolene, alimfunga skafu vizuri. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye picha ya pitsa.

"Bosi wangu, asubuhi yote hii!" Jolene akasema. "Haya, tukate mbuga."

Ilikuwa Ijumaa. Siku nyingine zote Orrin alisomea katika chumba kilichopo palepale mlango wa nyuma, chenye dirisha moja linalotazama mapipa. Ijumaa aliruhusiwa kwenda darasa la nne, upande wa mbele, akale pitsa na watoto wenzake. Kati ya chumba chake na darasa la nne kulikuwa na korido, na korido hiyo ilikuwa inarefuka.

Shule ilipofunguliwa, safari ilimalizika kabla kahawa ya Jolene haijapoa. Kisha mama yake Orrin akaomba mtoto wake ahamishiwe darasa la nne, asome huko kila siku. Sheria inataka shule na mzazi wakae kikao kwanza. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya mafua, kikaahirishwa kwa sababu ya barafu barabarani, kikaahirishwa kwa sababu mtu fulani alikuwa na kikao kingine, na kila kikiahirishwa korido iliongezeka. Jolene akaanza kubeba sandwichi, baadaye na blanketi, maana humo ndani ya korido, usawa wa maktaba, theluji ilikuwa ikianguka. Mfagizi aliagiza dawa zaidi ya kung'arishia sakafu, akalalamikia magoti. Walimu walisema majengo ya zamani ndivyo yalivyo. Watoto wengine waliivuka korido hiyohiyo wakikimbizana, wakakemewa wasikimbie. Na kurudi nyuma hakukuwa na taabu yoyote. Ukigeuza kiti, mlango wa nyuma uko pale pale.

Mama yake, Darla, anayefanya kazi ya dobi katika nyumba ya wazee, alijua mambo alipoona matairi ya kiti yamekwisha kabisa. Akampigia simu mwalimu mkuu.

"Mama, korido ni moja kwa watoto wote," mwalimu mkuu akamjibu kwa upole. Alikuwa mtu mpole kweli, na hilo ndilo lililokuwa likichosha.

Darla akamtafuta Verna Stoltz. Verna aligombana na shule kwa ajili ya binti yake mpaka binti akawa mtu mzima, na baada ya hapo hakujua kuacha, akawa mtetezi wa watoto wa wenzake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Verna aliujua mpaka vifungu vya sheria yake.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia. "Uoke biskuti. Mtu mwenye biskuti mdomoni hakatizi maneno ya mwenzake. Picha ya mtoto uiweke katikati ya meza, wakitaka kumsahau wamtazame usoni. Na kulia, ole wako! Utalia kwenye maegesho ya magari."

Kikao kikakaa. Wote mezani walimwita Darla "Mama" tu, si Mama Orrin wala Darla, na hawakuuliza jina. Biskuti ziliisha.

"Sote hapa tunampenda Orrin," akasema mwalimu mkuu.

"Hatukuja kuomba mapenzi," Verna akasema. "Sheria inasema mtoto asome na wenzake."

"Tunaafiki kabisa, Mama," mwalimu mkuu akamwambia Darla. "Ila kwa sasa..."

Jioni ile mfagizi aliisikia korido ikinyumbuka. Akaenda stoo kuongeza balbu.

Wakapeleka shauri mbele, kwa hakimu wa mashauri ya shule, na Darla akashinda. Akashinda kila kitu: dawati lenye jina la Orrin darasa la nne, ndoano ya koti lake, ubao mpya wa picha, kipande chake cha pitsa. Alilia kwenye maegesho, kwa ruhusa ya Verna, na Verna akalia naye.

Shule ikatii amri yote. Dawati likawekwa, jina likabandikwa kwa maua ya karatasi. Jumatatu basi likamshusha Orrin mlango wa nyuma, kwa kuwa mteremko uko nyuma, na Jolene akaanza kusukuma. Walipofika, kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imeshalia.

Siku ya pili Darla alimleta kwa gari lake mpaka mbele, akambeba mgongoni, akakanyaga ngazi ya kwanza. Mwalimu mkuu akatoka mwenyewe na mwavuli, akawakinga mvua.

"Mama, bima hairuhusu. Mtoto akianguka je?"

Darla akampigia Verna.

"Nimekukosea, mwanangu," Verna akasema. "Tuliomba darasa. Hatukuomba mlango. Kwa amri ile wametimiza, na shauri jipya likija kuisha Orrin atakuwa na ndevu."

Basi Darla akaomba zamu za usiku, akawa anafuatana na Orrin na Jolene. Wanasukuma kwa zamu. Kwenye theluji ya maktaba wanafunika miguu ya mtoto. Nyuma ya ukuta wanasikia darasa la nne linacheka, karibu kabisa, na Orrin naye anacheka, bila kujua kinachochekesha.

Ijumaa moja ya Mei waliingia darasa la nne mwalimu akifuta ubao.

"Orrin! Afadhali umefika," akasema. "Usijali, huwa nakuandika umehudhuria." Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Viti vilikuwa juu ya madawati, miguu juu, kama watoto wanavyoviacha ili sakafu ifagiliwe. Kwenye dawati la Orrin kulikuwa na kipande cha pitsa kilichokauka, juu ya karatasi. Hakukitazama. Kidole kilikwenda kwenye picha ya watoto.

"Wameshaondoka, bosi," akasema Jolene.

Kidole kikarudia palepale.

Darla akashusha kiti kimoja. Akashusha kingine, na kingine, mpaka vyote vikawa chini vikimwelekea mwanawe, na Orrin akavitazama kimoja kimoja. Kisha honi ya basi ikalia huko nyuma. Darla akavirudisha viti vyote juu, kama alivyovikuta, akakigeuza kile cha magurudumu. Mlango wa nyuma ulikuwa pale pale.