Kitufe cha Kijani

Tovuti ya kliniki ya macho, niliyoitengeneza mimi, ilifunguliwa Ijumaa asubuhi. Mchana nikaenda kwa shangazi. Macho yake yalikuwa yamebaki na ukungu mtupu, na daktari wa kliniki hiyo alitaka kumwona wiki iliyofuata. Wanawe walikuwa tayari kumwombea miadi. Alikataa. Alisema ameshakatiwa nyama sahanini, ameshachaguliwa nguo. Hili la daktari atalifanya mwenyewe.

Simu yake husoma kwa sauti ya kike kila anachogusa. Aliiweka mezani, akafungua tovuti yangu, akapitisha kidole polepole.

"Kuomba miadi, bonyeza kitufe cha kijani," simu ilisoma. Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe. Kitufe. Picha."

Alinigeukia. "Hicho cha kijani, mwanangu, nitakijua kwa kunusa?"

Nilicheka. Kijani kile nilikichagua kwa siku tatu. Nikanyoosha mkono nimbonyezee, lakini wake ulitangulia, ukaifunika simu.

Basi nikafungua kompyuta yangu, nikawasha sauti, nikazima kioo. Nilipotea ndani ya kazi yangu mwenyewe kama mgeni asiyejua choo kilipo.

Shangazi alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini. Waliowahi kumshukuru, husema, hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Alinieleza kwamba mtu akipiga humwambii ofisi imepakwa rangi gani. Unamwambia atampata nani na afanye nini. Tukaanza hapo. Mimi nilitaja kila kitufe kina kazi gani, yeye akakipa maneno: Omba miadi. Chagua siku. Rudi ulikotoka. Picha ya jengo, niliyodhani ni pambo tu, ikapata maelezo kwamba mlango uko mkabala na duka la dawa. Herufi za kijivu, nilizozionea fahari, nikazikoleza ziwe nyeusi na kubwa, kwa ajili ya wale ambao bado wanaona kidogo.

Chai ilipoa. Saa kumi akajaribu tena. Mara mbili alikosea, mara mbili akarudi alikotoka. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu.

"Miadi yako imepokelewa," simu ikasema. "Jumanne, saa tatu asubuhi."

Shangazi aliacha kidole juu ya kioo.

"Asante, dada," akaiambia simu.