Nafasi ya Mshono

Sebule ya Bi Mkasi ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kukaa. Makochi yalikuwa yamesimamishwa ukutani, meza imehamia chumbani, televisheni imefunikwa shuka, na katikati ya sakafu zilikuwa zimelala mbao nne ndefu za plaiwudi, nyembamba, zimekatwa kwa mapindo. Mgeni akija alipewa stuli jikoni. Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, alichungulia dirishani siku ya kwanza akauliza kama redio imetangaza gharika, maana yeye hakuisikia. Bi Mkasi akamjibu kwamba imetangaza, ila orodha ya watakaopanda safina imeshajaa.

Jina la Bi Mkasi hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na kwa kuwa ulimi wake nao ulikuwa unakata. Mumewe alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa taratibu, aliyewapimia watu viwanja maisha yake yote naye akaishia na kimoja tu, hiki wanachoishi. Ujanani alifanya kazi miezi minane kupima kingo za bwawa kubwa nje ya mji, na mhandisi mmoja mwenye mashua akamfundisha kuendesha tanga. Hakupata kuisahau raha ile. Miaka kumi na moja iliyopita aliagiza kwa posta ramani ya kujengea mashua ndogo ya watu wawili. Aliifungua kila alipopata nafasi, akaisoma, akaikunja, akairudisha kabatini. Mkewe alikuwa akimwambia kwamba ramani ile ingekuwa mtoto, sasa ingekuwa inatafuta shule ya sekondari.

Mwaka huu daktari wa macho alimwambia mzee asikawie. Macho yote mawili yalikuwa yanakufa kuanzia katikati, taratibu, na dawa ya kuyarudisha haikuwepo. "Kama kuna kitu unatamani kukiona," daktari alisema, "kione kabla mwaka haujaisha." Walipotoka nje Bi Mkasi alidhani mumewe atataja wajukuu, au kaburi la mama yake. Mzee alisimama kwenye ngazi akafikiri, kisha akasema, "Nataka kuona tanga langu mwenyewe limejaa upepo." Bi Mkasi alilia pale pale ngazini, watu wakipita, halafu akajifuta akauliza plaiwudi inauzwa wapi.

Kumbe mashua ya aina ile haijengwi kwa misumari. Inashonwa. Unakata mbao kwa umbo la kwenye ramani, unatoboa vitundu pembezoni, unaunganisha ukingo kwa ukingo kwa vipande vya waya wa shaba unavyovisokota kwa koleo. Kisha unapaka gundi kwenye maungio, na gundi ikishakauka unaondoa waya. Bi Mkasi aliposikia hayo alikasirika.

"Miaka yote hii unaniambia ni useremala," alisema. "Kumbe ni gauni."

Wakagawana kazi. Tanga lilimalizwa kwanza, jeupe pee kama ramani ilivyotaka, kwa sababu cherehani ilikuwa tayari na mwenye cherehani hana subira. Zikafuata mbao. Mzee alikaa kitini na ramani mkononi akisoma vipimo, na Bi Mkasi akapiga magoti sakafuni na futi yake, akachora kwa chaki yake ya buluu, akakata kwa msumeno. Mzee alisoma bila kusita. "Sitini na mbili nukta nne. Arobaini na moja kamili. Sasa shuka thelathini." Kila alivyosoma namna hiyo, moyo wa mkewe ulitulia. Macho bado yapo, alijiambia. Tutawahi.

Wiki ya tatu wakaanza kushona. Walianzia tezi, yaani nyuma, wakaja mbele, yeye akisokota waya, mzee akishikilia. Mita ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, vitundu vikaanza kukimbiana: cha ubao wa juu kiko huku, mwenzake yuko kule. Walipofika omo, pale mbele ambapo mbao zinatakiwa zikutane na kufunga, mashua iliwaachia mdomo wazi, upana wa vidole vitatu. Wakavuta. Wakaegemeza goti. Waya ukakatika ukamchana Bi Mkasi kidole gumba, naye akautukana waya na ukoo wake wote.

Mzee akaachia ubao. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa ubao, kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, akarudia. Halafu akakaa.

"Ni mimi," alisema. "Nimekusomea vibaya. Macho haya si ya kuaminiwa tena. Mwite jirani achukue mbao akafanyie banda la kuku."

Asubuhi iliyofuata, mzee akiwa bafuni, Bi Mkasi aliingia sebuleni kufagia vumbi la mbao. Jua lilikuwa limeingia mpaka ndani ya ile mashua isiyofunga. Ndipo akauona mstari. Mstari wa chaki ya buluu, umekwenda sambamba na ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho, upana wa kidole kimoja kwa ndani. Akainama kwenye ubao wa pili. Upo. Wa tatu, upo. Wa nne, vilevile.

Ufagio ukamtoka mkononi. Kila fundi nguo hufanya hivyo: unachora mstari wa kipimo, kisha unaongeza nje yake nafasi ya mshono, halafu unakata kwenye ile nafasi, si kwenye kipimo. Ukikata kwenye kipimo, nguo inabana. Mkono wake umefanya hivyo mara ngapi, nani ajuaye, na umefika kwenye mbao ukafanya bila kumwuliza mwenyewe. Lakini mbao hushonwa ukingo kwa ukingo. Hazikunjwi kwa ndani, hazitaki nafasi.

Hapa lazima niseme ukweli juu ya Bi Mkasi, ingawa nampenda. Alinyamaza. Miaka arobaini hakuwahi kumharibia mtu kitambaa, na alikuwa akilisema jambo hilo mara nyingi kuliko lilivyohitajika. Mumewe alikuwa ameshabeba lawama, na mwenyewe alikuwa ameibeba kwa hiari. Akafunika mashua kwa shuka, akapika, akanyamaza siku ile na ya pili yake.

Siku ya tatu walikuwa mezani huko chumbani wanakunywa chai. Mzee, ambaye juzi tu alikuwa akijimiminia, alisukuma kikombe mbele ya mkewe.

"Nimiminie wewe," alisema. "Mimi nitamwaga."

Hakwenda dukani kununua mkate asubuhi hiyo. Jana yake pia hakwenda. Bi Mkasi aliyakumbuka yote hayo kwa pamoja, akaona kwamba mumewe alikuwa anajifunza kuwa kipofu kabla ya siku zake, na mwalimu wake alikuwa ni yeye. Akaweka birika chini.

"Mume wangu, hukusoma vibaya. Ni mimi. Niliongeza nafasi ya mshono. Mbao zote nne. Nimejua tangu juzi nikakaa kimya kwa sababu niliona aibu."

"Najua," mzee alisema.

"Unajua nini?"

"Nilipapasa ukingo. Ubao ule umezidi sentimita moja na nusu kila mahali. Na tarakimu sikukosea."

"Sasa kwa nini ulisema umekosea?"

"Wewe hujawahi kumharibia mtu kitambaa," mzee alisema. "Nikakuharibie jina uzeeni kwa ajili ya plaiwudi? Macho yangu yana lawama nyingi, nikaona hata yakiongezewa hiyo moja hayatalemewa."

Bi Mkasi alitaka kucheka, lakini swali moja likamzuia.

"Na ulijuaje kwamba hukukosea? Unasema mwenyewe macho hayaaminiki."

Mzee alizungusha kikombe kitupu. "Kwa sababu sikusoma," alisema. "Ramani ile naijua kwa moyo. Miaka kumi na moja, mama. Nilikuwa nashika karatasi tu."

"Tangu lini huoni?"

"Tangu kabla hatujanunua mbao. Maandishi yalishakwenda. Sura za watu nazo." Akageuza uso, akaukazia macho ukuta. "Hivi nikitazama ukuta, nakuona, hapa pembeni. Umefunga kitambaa cha kijani. Nikigeuka nikakutazama wewe, unapotea."

Bi Mkasi alihamisha stuli yake, akaizungusha meza, akakaa ubavuni mwa mumewe begani kwa bega. Alimpenda mno wakati ule, na alimkasirikia mno, na alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akasema kwamba kikubwa hupunguzwa, kidogo ndicho hasara, na mistari ya buluu bado ipo.

Mchana huohuo walizikata nyaya zote. Bi Mkasi aliifuata mistari yake mwenyewe kwa msumeno, taratibu, na mzee akipapasa nyuma yake na kusema "endelea". Mashua ilipofungwa tena, omo ilikutana sawasawa, na mzee akapitisha kidole penye maungio akacheka peke yake. Gundi ilinuka nyumba nzima kwa wiki mbili. Kwa jirani walidai ni dawa ya mende.

Ila kulikuwa na lile tanga jeupe. Bi Mkasi alilitoa uani akalitundika kwenye kamba ya nguo, mbingu ikiwa imewaka nyuma yake, akamwita mzee asimame na ageuze uso anavyojua mwenyewe.

"Unaona nini?"

"Mwanga," alisema mzee.

Basi akatoa vitambaa alivyokuwa amevihifadhi, akavitundika kimoja kimoja. Cha manjano, hakuna. Cha kijani, kivuli. Cheusi alikiona barabara, lakini akasema hawezi kwenda bwawani na msiba kichwani. Cha mwisho kilikuwa rangi ya damu ya mzee, yaani nyekundu iliyokoza, kizito, kilichobaki kwenye mapazia ya mteja mmoja. Upepo ukakipiga.

"Hicho," mzee alisema haraka. "Usikitoe."

Fundi mwingine angelalamika. Huyu alilifumua tanga jeupe lote, akalitumia kama patani ya kukatia kitambaa kile, na akalishona upya kwa siku nne bila kumlaumu mtu.

Siku ya siku jirani aliwachukulia mashua kwa pikapu yake, akaishusha bwawani asubuhi, akavua viatu akaisukuma. Juu ya maji kulikuwa na upepo wa kutosha. Mzee alishika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mwingine, na mikono ile ilijua kazi yake. Tanga likapiga mara mbili, tatu, likajaa. Mashua ikainama ubavu ikaondoka.

Mzee hakulitazama tanga. Aligeuza uso kuelekea ukingoni, na machozi yakawa yanamshuka, wala hakuyafuta kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

"Naliona," alisema. "Lote. Naliona lote."

Mkewe alijikunyata.

"Mama, mbele kuna nini?"

Mkewe akashusha kichwa.

"Nakuuliza, mbele yetu kuna nini?"

"Sijui," alisema Bi Mkasi, ameng'ang'ania kingo kwa mikono miwili. "Nimefumba macho."

Mzee alicheka mpaka mashua ikatikisika. "Basi yafumbue," alisema. "Mimi naangalia tanga. Lazima mmoja wetu aone tunakokwenda."

Akayafumbua, akaanza kumwambia.