Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Muuguzi alizima taa ili auone mshipa. Mkono wa Miradie ukawaka kijani, kama mishale ya saa gizani, na sindano ikaingia mara moja.

"Hawa ndio rahisi," muuguzi akasema. "Wengine nawatoboatoboa bure."

Mama yake, Euphrasie, alikaa pembeni na sare yake ya usafi. Daktari akamweleza taratibu: mionzi ilimpata mtoto tangu tumboni, na sasa ile protini inayobeba hewa kwenye damu yake inaumbika vibaya. Kuwaka si neno. Ubaya ni kuchoka, na kuchoka kutazidi, mwanga nao ukififia, mpaka moyo ushindwe.

"Ulipokuwa na mimba ulikula nini?"

Euphrasie alijua. Alikuwa na hamu ya udongo, kama wenzake wote, na mama yake alimtumia kutoka Kongo, vifuko kwa vifuko, ule mtamu wa nyuma ya nyumba, mgodi unapomwaga taka zake. Alikuwa akiulamba kwenye basi akienda kazini, mdomo mzima ukinukia mvua ya kwao.

"Na dawa?" Euphrasie akauliza.

"Dawa hakuna. Tutaendelea kumpima."

Alipofika nyumbani alipiga simu. "Mama, usitume tena ule udongo. Na nyinyi hameni hapo."

"Tuhamie wapi, binti yangu? Mgodi ndio uliotukuta sisi. Hapa wote tunawaka, mpaka kuku. Umeme wenyewe hatuna." Mama yake akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Jumapili, baada ya ibada ya Wakongo wenzake huku ugenini, pale Barking, aliwaonya wanawake: msile udongo wa kwetu. Wakamsikiliza kwa heshima.

"Maman Euphrasie," akasema Marie-Claire, mwenye mimba kubwa, "pombe sinywi, kulala silali, na udongo nao uninyime?"

Wakacheka. Marie-Claire akatoa kifuko mkobani, akamega. Chini ya kitenge tumbo lake lilitoa mwanga. Mtoto alipogeuka, kisigino kikaonekana.

Nyumbani Miradie alikuwa amejilaza kwenye sofa, pumzi fupi fupi, akisoma kwa mwanga wa kifua chake. Zamani alikishika kitabu mbali. Siku hizi karibu kimguse kidevu.

"Pumzika, mama."

"Okay, Mum. Ukurasa huu tu."

Nje giza lilikuwa limeingia. Euphrasie hakuwasha taa. Alikaa karibu naye, aone mwanga umebaki kiasi gani.