Mtani Asiyeambiwa Basi

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Emiliana aliusikia msemo huo tangu utotoni kwao Mvumi, akaucheka kama watoto wanavyocheka misemo yote ya wakubwa, na hakudhani kuwa siku moja jipu lenyewe lingekuwa kooni mwake.

Mwaka 1992 alikufa Dorothea, mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi za Dodoma kila Jumamosi, na kwao Mpwapwa ndiko alikozikwa. Emiliana alikuwa mwitikiaji wake tu katika bendi ya shirika la umma, msichana wa miaka ishirini na miwili anayesimama nyuma na kusubiri kiitikio. Kwa ukoo, hata hivyo, alikuwa mtani wake, na mtani ana kazi yake msibani. Siku ya tatu aliingia chumbani mwa marehemu, akavaa gauni lake la kijani na kilemba chake, akatoka uani akitembea kama Dorothea, bega moja juu, kidevu mbele. Akakohoa kama yeye. Akawafokea wapiga gitaa kama yeye. Kisha akaimba kwa sauti ile ile iliyokuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, na watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo dawa yenyewe, na wahenga hawakuiweka bure.

Ila dawa hiyo ina kikomo. Mkubwa wa wafiwa hupaswa kuinua mkono na kusema, "Basi, mtani. Tuachie mtu wetu." Hapo mtani huvua nguo, hunawa uso, na marehemu huenda zake. Mkubwa wa wafiwa alikuwa Paskazia, mama yake Dorothea, mjane ambaye tangu msiba uanze hakuwa ametoa chozi. Alikaa mkekani akimkodolea macho Emiliana, midomo imeachana kidogo, na hakusema basi. Emiliana akaongeza wimbo wa pili. Akaongeza wa tatu. Jua likaanza kushuka, watu wakatawanyika, naye akalivua gauni mwenyewe bila kuambiwa.

Kufa kufaana. Shirika lilikuwa likibinafsishwa siku hizo, magitaa na ngoma zikiwa zimeorodheshwa pamoja na matrekta mabovu, na kiongozi wa bendi, Pantaleo, alikuwa na mpango wa kuvinunua vyombo na kuanzisha bendi yake mwenyewe. Alikosa kitu kimoja tu, Dorothea, na pale uani alikuwa amemwona. Alimfuata Emiliana kabla hata hajafunga kanga vizuri, akamwambia Jumamosi aje aimbe vile vile. Vile vile! Msichana wa watu akalipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Akaimba vile vile miaka saba. Kaseti zake ziliuzwa mpaka Singida. Televisheni ilipoingia, alikuja Charles, kijana msomi mwenye kamera moja na maneno mengi, akapanga nyumba Miyuji na kuanza kurekodi mchezo wa kila Alhamisi, kanda zikipelekwa Dar es Salaam kwa basi. Alimpa Emiliana nafasi ya mama mwenye nyumba mwenye ulimi wa pilipili, na nchi nzima ikampenda. Kila akilegea, Charles alimwomba lile lile: "Ile sauti, dada Emi. Nipe ile sauti." Watumishi wa Bunge walimsimamisha sokoni wamshike mkono. Miongoni mwa wenyeji wa zamani wapo waliomwita Dorothea kisha wakaomba radhi.

Mwanzoni aliivaa sauti ile jukwaani na kuivua nyuma ya pazia. Baadaye ikawa haingoji kuvaliwa. Aliomba maji, akasikia Dorothea akiomba maji. Alikohoa kikohozi kile kile kilichomuua mwenzake, na daktari alipompima akamwambia mapafu yake ni mazima. Siku moja alijikuta jikoni akiimba wimbo wa kutwanga ambao hakuwahi kufundishwa na mtu, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea neno. Aliogopa hata akauacha moto uzimike. Alijaribu kusema jina lake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe, na hakukumbuka ilikuwaje.

Bado angeweza kuishi hivyo, maana umaarufu nao una utamu wake. Lakini Machi 1999 alifariki mama yake mzazi, Sara. Emiliana alifika Mvumi, akamwona mama amelala chini ya shuka, akafungua kinywa kulia. Ua zima liligeuka. Aliyelia alikuwa Dorothea. Shangazi yake Evelina alimvuta pembeni, akasema taratibu bila hasira, "Mama yako hakumzaa huyo anayelia. Kama huwezi kumlilia mwenyewe, nyamaza."

Akanyamaza. Alimzika mama yake kwa macho makavu, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Wiki iliyofuata alipanda basi la Mpwapwa. Alijua vizuri anakokwenda na anachokiacha, kwamba bila sauti ile Pantaleo hana bendi wala Charles hana Alhamisi, na yeye angebaki mwanamke wa miaka ishirini na tisa asiyejua kazi nyingine. Njia nzima mpaka Kongwa alilipima hilo, akaona ni heri hivyo.

Paskazia alikuwa amezeeka, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba yake, peke yake. Emiliana akavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu kikongwe, akasogea kumpa nafasi. "Leo umechelewa."

Emiliana akaeleza haraka kwamba ni yeye, mtani, Emiliana wa Mvumi. Paskazia akacheka. Alisema anajua, miguu ni ya mtani, Dorothea hakuwa akiburuza miguu namna ile.

"Mama, siku ile hukusema basi."

"Sikusahau." Kikongwe alipapasa ukili wa mkeka. "Nilitaka kumsikia kidogo tu. Nikasema amalize wimbo huu. Ulipomaliza nikasema, na huu. Kisha ukaanza kutoka redioni, na sasa kila Alhamisi wananishika mkono kunipeleka kwa jirani mwenye dishi. Mtu hamlilii mtoto anayemsikia kila wiki."

"Mama yangu amekufa. Nimeshindwa kumlilia."

Paskazia aliuliza aliitwa nani. Akauliza aliugua nini, na kama alikuwa na watoto wengine. Hapakuwa na wengine.

"Basi niage," alisema mwishowe. "Siku aliyokufa nilikuwa shambani. Hakuniaga."

Emiliana alifumba macho. Hakulazimika kuigiza. "Mama," alisema Dorothea, "naenda."

"Nenda, mama yangu. Nenda salama." Kikongwe akainua mkono. "Basi, mtani. Tuachie mtu wetu."

Emiliana akachota maji mtungini, akanawa uso. Alitaka kushukuru. Iliyotoka ilikuwa sauti nyembamba, ya chini, yenye kutu, sauti ya mwitikiaji wa nyuma asiyejulikana na mtu. Hakumaliza neno. Paskazia alikuwa ameshaanza kulia, kilio cha kutoka tumboni, cha miaka saba, na Emiliana akaanguka mkekani kando yake akilia na yeye, akimwita Sara, Sara, mama yangu wee, na kila neno lilikuwa lake.

Majirani walikuja mbio. Mmoja wao, Yotham, alitokea shambani na jembe mkononi, nyuma yake wanawake wakijifunga kanga. Waliwakuta wanawake wawili wamekumbatiana, wakauliza kwa hofu ni nani aliyekufa.

"Dorothea," alisema Paskazia.

Yotham alifungua kinywa kumkumbusha kuwa ni miaka saba sasa. Alimtazama yule mama, akakifunga. Aliweka jembe chini, akavua kandambili, akakaa mchangani kama mtu anavyokaa penye msiba, na wanawake wakaanza kulia.